Kijiji Kilichobadilishwa Jina

Kabla ya kuja Johannesburg nilikuwa mwalimu wa jiografia katika mji wa Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Huku nimekuwa mtunza wazee. Huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi mtaa wa Turffontein, kwa mama mmoja Mjerumani anayekaribia miaka tisini. Binti yake huniachia mama saa moja asubuhi na kurudi jioni. Mchana kutwa tuko wawili: namwogesha, nampa dawa, kisha tunakaa barazani, na siku za mbio tunasikia mtangazaji wa uwanja wa farasi akipayuka.

Mwanzoni hakunipenda. Alikuwa akiniita "wewe" tu. Alipojua nilichokuwa nafundisha akaanza kuniita Mwalimu, nami namwita Mama, kama kwetu tunavyomwita mwanamke yeyote aliyetuzidi umri.

"Mwalimu," aliniambia asubuhi moja, "nitafutie kijiji changu kwenye hiyo simu."

Akanitajia jina. Nikaliandika, ramani ikaniletea duka la viatu. Ndipo akanieleza. Alizaliwa katika kijiji kidogo cha jimbo la Silesia, enzi ambazo Silesia ilikuwa sehemu ya Ujerumani. Baada ya vita kuu ya pili mipaka ilisogezwa, kijiji kikawa cha Poland, Wajerumani wakafukuzwa, na kijiji kikapewa jina jingine. Hilo jipya hakulijua, na kwa miaka yote hiyo hakutaka kulijua.

"Basi tuliache jina," nikasema. "Ardhi haihami. Maji yalikuwa yanaelekea wapi?"

Akafumba macho. Kulikuwa na kijito nyuma ya nyumba, kikielekea kaskazini hadi Mto Oder. Kusini ilionekana milima, na theluji yake ilikawia kuyeyuka. Magharibi mwa kanisa palikuwa na kiwanda cha matofali chenye shimo kubwa la udongo. Barabara iliingia kijijini ikapinda mara mbili, kwa sababu mwenye shamba wa zamani alikataa kukatiwa ardhi yake. Nikachora yote nyuma ya kalenda ya bucha, nikimuuliza kama nilivyokuwa nikiwauliza wanafunzi: mkono gani? Mwendo wa dakika ngapi?

Ilituchukua wiki mbili. Nilifuata vijito kimoja kimoja kwenye picha za setilaiti, na kila jioni narudi nyumbani macho yananiuma. Siku ya siku nikaona barabara iliyopinda mara mbili. Kando yake palikuwa na bwawa la mviringo. Lile shimo la udongo la kiwanda lilikuwa limejaa maji. Nikamwekea simu mapajani. Akaikuza picha kwa vidole mpaka akaliona paa la nyumba yao.

"Wamekata miti ya baba," akasema. "Wezi hao."

Kwa jina jipya lililokuwa kwenye ramani nikapata anwani ya barua pepe ya shule ya kijiji. Nikaandika kwa Kiingereza, mwalimu kwa mwalimu, nikaambatisha picha ya nyumba. Akanijibu mwalimu wa Kiingereza, kijana mwenye adabu, akasema nyumba hiyo anaijua na mwenye nyumba yuko tayari kuzungumza. Tukapanga simu ya video.

Upande wa pili alitokea mwenye nyumba, bibi wa Kipolandi mwenye kilemba cha maua, na yule mwalimu kijana pembeni yake akitafsiri. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Hakusalimia.

"Maji ya kisima bado yana ladha ya chuma?" akauliza.

Yule bibi akacheka. "Mpaka leo. Chai inakuwa nyeusi kama wino!"

Mama naye akacheka, na mimi nikashusha pumzi. Yule bibi akasimulia kwamba mama yake hakuchagua kuja pale. Kwao kulikuwa mashariki zaidi, na kwao nako kulichukuliwa na nchi nyingine. Walipakiwa katika mabehewa ya ng'ombe, wakashushwa mbele ya nyumba ambayo vikombe vya wenyewe vilikuwa bado mezani. Miaka mingi mama yake hakupanda hata mti mmoja wa matunda. Alikuwa akisema, Wajerumani watarudi, ya nini kujisumbua?

"Hatukurudi," Mama akasema taratibu.

Kisha akauliza habari za makaburi. Mdogo wake alizikwa pale, mtoto wa miaka miwili. Yule kijana akasita kutafsiri. Bibi akajifuta uso kwa ncha ya kilemba, akasema makaburi yamekuwa msitu. Mawe yenye maandishi ya Kijerumani yaling'olewa zamani. Mengine yalitumika kusakafia mabanda ya nguruwe. "Tulicheza juu yake tukiwa watoto. Naona aibu."

Mama akanirudishia simu. Nikaaga kwa niaba yake.

Siku tatu hakusema nami ila "ndiyo" na "hapana". Niliogopa nimemuua kwa simu yangu. Siku ya nne, nikimchana nywele, akaanza mwenyewe.

"Wakati wa vita tulikuwa na mfanyakazi Mpolandi. Aliletwa kwa nguvu. Alishonewa herufi P kifuani. Hakuruhusiwa kula mezani petu, alikula zizini na farasi. Baba alimpiga kwa mjeledi, nami nikiwa dirishani. Binti yangu sijawahi kumwambia. Maisha yangu yote hadithi hii naianzia siku tuliyofukuzwa. Haikuanzia hapo, Mwalimu."

Niliendelea kuchana, ingawa nywele zilikuwa zimeshanyooka.

Sasa kila Jumapili mabibi hao wawili huongea, binti ya Mama akimshikia simu na yule kijana akitafsiri. Wanazungumzia viazi, magoti, na wajukuu wasiopiga simu. Wanafunzi wa yule mwalimu walijitolea kufyeka ule msitu wa makaburi. Hawakulipata jiwe la mtoto. Mama aliwaomba wasichimbe zaidi.

Mimi nami nina hadithi ya kufukuzwa, na naianzia siku moja daima: siku nyumba yetu ilipochomwa. Baada ya maneno ya Mama nilimpigia kaka yangu, aliyebaki upande wa Kalemie. Nilikuwa najua babu yetu aliletwa pale na wakoloni wa Kibelgiji kujenga reli, akapewa shamba.

"Kaka, kabla ya babu, pale walikaa akina nani?"

Nikasikia akifunga mlango.

"Dada, uko mbali," akasema. "Yaache hayo."

Sikubishana naye. Lakini jioni ile nilichukua karatasi nikachora shamba letu: mlima, reli, vijito viwili. Nikaandika majina ya vijito kama tulivyoyaita utotoni, na hapo ndipo nilipogundua, mwalimu mzima wa jiografia, kwamba majina hayo si ya lugha yetu.