Ukuta Una Taa, Choo Kiko Gizani

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nyeri. Bwana mmoja kutoka Mukurweini aliweka juu ya kaunta taa iliyoungua, taratibu kama anayelaza mtoto mchanga. Ilikuwa ile ndogo ya volti kumi na mbili inayofichwa chini ya mawe ya ukuta wa nje.

"Zote zimeisha," akamwambia muuzaji. "Wageni wakikuja jioni hawaoni mawe."

Nilimhurumia. Kusafiri mpaka Mukurweini halafu ukose kuona mawe!

Muuzaji alipomfungia taa mpya, mke wa yule bwana, aliyekuwa kando yake, akauliza polepole, "Na mama yako, Baba Watoto?"

"Mama amefanya nini?"

"Ameanguka tena kwa njia ya choo. Huko ni giza. Lakini ukuta iko na taa."

Bwana akakohoa, akageuka kutazama makopo ya rangi. Mke akatoa taa mbili kwenye kifurushi, akazitia kwenye kiondo chake.

"Hizi ni za mama. Mawe haiendi choo."

Bwana alikichukua kile kiondo, akambebea mpaka nje.

Siku hizi nikiona ukuta unaong'aa kama madhabahu, nausifu sana. Najiuliza tu ni nani anayepapasa njia nyuma ya nyumba.