Kekee za Rupia za Mama

Watu wa Misugusugu wakikuambia kwamba nilimbemenda mtoto wangu wa kwanza, waulize mtoto huyo yuko wapi. Yuko hapa Marui, anakwea minazi kama ngedere na anamaliza sahani ya wali kabla yangu. Kisha waulize habari za bangili zake, zile kekee. Hapo watatazama pembeni. Wao wananyamaza, mimi sinyamazi. Kalamu nimeishika mwenyewe. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyekiacha chuo cha Kurani akaenda kukata kuni, lakini hasira yangu inasomeka.

Kwanza nieleze nilikuwa nani, maana bila hilo huwezi kujua nilitukanwa kiasi gani. Nilianza na kamba. Kamba moja ya kufungia kuni, na kichwa changu cha kuzibebea mpaka bomani Kisarawe. Kuni zikazaa mkaa, mkaa ukazaa baiskeli, baiskeli ikabeba machungwa na nazi mpaka fremu ikapinda, machungwa yakazaa lori. Lori bovu, sikatai, kilima cha Kisarawe lilikuwa likipandishwa kwa kusukumwa, lakini la kwangu. Nyumba ya kwanza ya bati hapa Marui ni yangu. Hakuna jumbe aliyenishika mkono, hakuna mjomba aliyenipa hata kifaranga. Makarani wa boma waliovaa viatu walikuwa wakiniomba niwapakie, na wakiwa juu ya magunia yangu waliniita bwana.

Mama yangu hakuyaona hayo. Alikufa mimi ningali na baiskeli. Alichoniachia ni rupia za Mjerumani, alizozifukia chini ya figa wakati wa vita. Alipozifukua, Mjerumani hayupo, na madukani hawazitaki. Watu walimcheka. Yeye akazifunga kwenye kitambaa akasema, "Hizi si za kununulia chumvi. Hizi ni za mkaza mwanangu, siku atakayoniletea mjukuu."

Basi mke wangu alipokaribia kujifungua alikwenda kwao Misugusugu, upande wa Kibaha, kama desturi yetu ilivyo: mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Nikapata habari kuwa amejifungua salama, mtoto wa kiume. Siku ileile nilikitoa kile kitambaa sandukuni nikaenda kwa sonara pale Kisarawe.

Sonara alikuwa Mhindi mzee, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliponiona na suruali yangu ya vumbi la mkaa akaniletea vipuli vya shaba.

"Ondoa hivyo," nikamwambia. "Ninavisha mzazi, sivishi mdoli. Lete vitu."

Akaleta. Na hapa nataka vijana wanisikilize, kwa sababu wengi hununua pambo kwa macho tu, wakasahau kuwa mzazi ni watu wawili. Alinionyesha mkufu wa dhahabu. Nikaukataa: mtoto atauvuta wakati wa kunyonya, ukatike, aumeze. Akaleta vipuli virefu. Nikavikataa: masikio ya mama yatachanika. Pete? Vidole vya mzazi vimevimba, na vikinywea pete itaangukia kwenye uji. Akaleta furungu, zile za miguuni zenye kokoto ndani, akazitikisa, akanitazama kama mtu aliyeshinda.

"Hizi mtaa mzima utasikia mke wako anapita," akasema.

"Na mtoto naye atasikia," nikamjibu. "Nani atambembeleza? Wewe?"

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Tangu hapo tukaelewana.

Nikachagua kekee. Bangili pana, bapa, ya mkononi, kitu cha mama wa heshima. Lakini zile zake zilikuwa na nakshi za makali makali. Nikaichukua moja nikaipitisha shavuni mwangu, kwa sababu shavu la mtoto ndilo litakalolala pale. Ikanikwaruza. Nikazimwaga rupia za mama mezani nikamwambia, "Yeyusha hizi. Nifanyie kekee mbili, uzisugue mpaka nikizipitisha shavuni nione kama nimepitisha kiganja." Nilikaa pale nikimtazama. Nilimwona Kaizari wa kwenye rupia, na kofia yake, akiyeyuka kama samli. Hakuna fedha nyingine iliyoingia, hakuna bati wala shaba. Haya uyakumbuke, kwa sababu baadaye utaambiwa mengine.

Kekee moja nikaipeleka Misugusugu. Ya pili nikaiweka kwa siku ya arobaini, ili mke wangu aondoke kwao mikono yote miwili inameremeta. Mwanamume haingii chumba cha uzazi kabla ya siku hiyo, basi niliketi barazani, mama mkwe akaja kuipokea, uso ameugeuzia upande kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ni nzuri. Tumeshukuru."

Ni nzuri, alisema. Kwa kinywa chake.

Nikarudi Marui kwenye machungwa yangu, mwezi mzima nasubiri arobaini. Zilikuwa zimebaki siku chache nikaitwa. Njoo upesi. Nilifika nikakuta baraza imejaa wanawake, na mama mkwe ameketi ndani nyuma ya pazia. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Baba," akasema, "mtoto ana joto, na titi analikataa. Na kekee uliyoleta imekuwa nyeusi mkononi mwa mwanangu. Nyeusi kama sufuria. Mtu akificha, fedha haifichi."

"Haifichi nini, mama?"

Wanawake wakaguna. Mmoja, sijui nani, akasema, "Anauliza!"

"Mtoto amebemendwa," mama mkwe akasema. "Tutajie mwanamke ni nani. Dawa haichemshwi mpaka umtaje. Usipotaja, mwanangu na mjukuu wangu hawatoki hapa kwenda Marui. Si arobaini hii, wala nyingine."

Asiyejua mambo yetu ajue sasa. Mtoto angali ananyonya, baba akienda nje ya ndoa, akarudi na uchafu wake, mtoto huharibika: hudhoofika, hachezi, hatembei. Ndiko kubemenda. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwa mwanamume mwenye mtoto mchanga. Ni kuambiwa umemla mwanao.

Na wanaume wengine hukubali tu! Hilo ndilo linalonichemsha hata leo. Mtu hana kosa, lakini ili amani ipatikane anataja jina lolote, la mwanamke wa mbali, dawa inachemshwa, watu wanakula kuku, yamekwisha. Na yule mwanamke aliyetajwa je? Mimi sikutoka kwenye kamba ya kuni mpaka kwenye lori ili nije nijitie doa barazani kwa watu.

"Simtaji mtu," nikasema, "kwa sababu hakuna mtu. Mtoto mpelekeni dispensari."

"Fedha imesema."

"Fedha haina mdomo, mama."

Wanawake wakapiga yowe, maana mkwe hajibiwi hivyo. Nikasimama niondoke. Hapo pazia likasogea kidogo kwa chini, mkono ukatoka kuchukua kata ya maji. Niliujua mkono huo, ni wa mke wangu. Kekee ilikuwa imo, nyeusi kweli, nyeusi ya kuchukiza. Lakini ilikuwa imo. Bila shaka mama yake amemwambia aivue, mashangazi wamemwambia aivue, naye hakuivua. Nilirudi Marui na picha ya mkono ule, na hasira ambayo ingeweza kusukuma lori kilimani peke yake.

Nilimkuta mtani wangu ananisubiri kwenye magunia. Yeye ni Mnyamwezi, alikuja kukata mkonge, akabaki kwangu kupakia mizigo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu mababu, hakuna neno asiloweza kuniambia. Nilipomaliza kumweleza, akashika kiuno akacheka.

"Mzaramo wewe, mapambo yatakuua! Sisi kwetu mzazi anapelekewa ng'ombe. Umewahi kuona ng'ombe akageuka mweusi mkononi?"

"Nitakupiga."

"Nipige, lakini ile ya pili iko wapi?"

Nikafungua sanduku. Kekee ya pili ilikuwa nyeupe kama nazi iliyokunwa. Fedha moja, siku moja, chungu kimoja cha sonara, na mimi huyohuyo mwenye dhambi ndiye niliyelala nayo chumba kimoja! Kama ni uchafu wangu, si ndiyo ingetangulia kuoza? Nikaanza kufikiri. Shule sina, lakini pua ninayo. Pale barazani Misugusugu nilikuwa nimesikia harufu ya mvuje mpaka macho yakanitoka machozi. Mvuje ule unaochomwa kumfukuzia mtoto dege, yaani degedege, unaonuka kama yai viza. Mama mkwe alikuwa akiuchoma asubuhi na jioni, na mzazi akifukizwa hukalishwa juu ya chetezo chenyewe, amefunikwa nguo. Moshi ule ndio uliotia fedha weusi, si mimi.

Mimi nisingeweza kumwambia mama mkwe neno hilo. Tayari nilikuwa nimevunja adabu. Lakini mtani anasema popote, msibani, harusini, hata kwa wakwe. Nikampa kekee na maneno ya kusema, tukaenda wote. Mimi nikabaki kwenye lori, mlango wazi, nasikia kila kitu.

"Bibi!" akaita. "Mzaramo wangu amenituma. Anasema hii ni dada yake ile nyeusi. Ivae wewe, mjane, mtu wa sala, ambaye hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti chako. Endelea na kazi zako za uzazi kama kawaida. Ikibaki nyeupe, yeye atataja wanawake mpaka ukome kuhesabu. Ikiwa nyeusi..."

"Ikiwa nyeusi nini?" mama mkwe akadakia. "Lete hapa. Kwangu itabaki kama mwezi. Na nyinyi nyote muwe mashahidi."

Akaivaa mbele ya wanawake wote. Hilo nampa: hakuogopa. Alikuwa na hakika na mwili wake kama nilivyokuwa na hakika na wangu.

Tulirudi siku ya kuamkia arobaini. Joto la mtoto lilikuwa limeshuka, sauti yake ya kulilia titi niliisikia kutoka barabarani. Amepona, na jina la mwanamke halijatajwa. Mama mkwe alikuwa barazani, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga.

"Bibi, shikamoo! Toa mkono tusalimiane," mtani akasema.

"Marahaba, inatosha."

"Kwetu Unyamwezini salamu bila mkono ni matusi."

"Nenda zako, huna adabu."

"Adabu sina, lakini mkono nautaka." Wanawake wakaanza kuguna, safari hii kwa namna nyingine. Mmoja akamwambia, "Mtolee, dada, tuone." Akautoa. Kekee ilikuwa nyeusi kama masizi ya koroboi.

"Lahaula!" mtani akapiga kofi. "Mjane wa miaka yote! Ni nani huyo, bibi? Mtaje, dawa ichemshwe! Ni yule mwadhini mwenye kikohozi? Au mimi, nimesahau?"

Baraza zima likaanguka kwa kicheko. Wengine walilala chini. Nilidhani yamekwisha. Nikashuka kwenye lori, nikasogea, nikasubiri neno moja. Sikutaka kupigiwa magoti. Neno moja tu: baba, tulikosea.

Mama mkwe akaivua kekee, akaiweka kwenye mkeka kama mtu anayeweka mfupa, akasema, "Kumbe si fedha. Ametuletea bandia."

Bandia! Kutoka uzinzi nikahamishiwa kwenye wizi, bila hata kupumzishwa njiani. Rupia ambazo mama yangu alizilalia njaa, akachekwa kwa ajili yake, ndizo zikaitwa bandia na mtu aliyezichoma kwa mvuje wake mwenyewe. Mtani alinishika mkono. Alijua kuwa hapo utani haufiki.

Kesho yake, arobaini, nilikuja na majivu laini na ndimu, ili nizisugue kekee zote mbili mbele yao, zing'ae, waone ni fedha gani. Nilikuwa nimekwisha kukata ndimu mke wangu alipotoka, amepakwa liwa, amembeba mtoto. Aliiokota ile iliyoachwa kwenye mkeka tangu jana, akaivaa mkono wa pili.

"Lete nizisafishe," nikamwambia.

"Acha, bwana," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nitaondoka nazo hivihivi. Waliosema waone nilichovaa."

Akampa mama yake mkono wa kuaga, mkono wenye kekee nyeusi. Mama yake akaushika. Angefanya nini? Kisha akapanda lori, mtoto akalala na shavu juu ya fedha ile, na haikumkwaruza.

Miaka imepita. Nimenunua lori la pili, nimemnunulia mke wangu dhahabu, nyingine hata hajaifungua. Kekee hajaniruhusu kuzigusa kwa ndimu. Hazivai kila siku. Huzitoa sandukuni mama yake anapokuja kututembelea, huzivaa zote mbili, akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele yake kumnawisha mikono. Maji yanapita juu ya kekee nyeusi, yanaangukia vidole vya mama. Mama anazitazama. Lile neno moja bado hajalisema, nami nikiwa barazani kwangu, chini ya bati langu, bado nalisubiri.