Baba Alipouliza, Tukapiga Makofi

Nakumbuka, mwanangu, mchana ambao Madam Mutheu alinirudishia insha yangu ya Kiingereza bila kuitia alama yoyote, akanionyesha kiti na kuniambia nikae. Nimeukumbuka tangu juzi ulipokuja kwangu umenuna, ukatupa mkoba kwenye kochi langu (kochi, mwanangu, si jaa), ukasema, "Senje, hii insha ya chuo imenimaliza. Nimechambua hotuba ya huyo mheshimiwa poa kabisa, nikaonyesha vile anadanganya watu, na bado lec anayetufundisha anasema sijajibu swali."

Nilicheka, nawe ukakasirika zaidi. Sikukucheka wewe. Senje yako, dada wa baba yako, alitumbukia shimo hilo hilo, ila nilitokea upande mwingine. Wewe umemchukia msemaji wako. Mimi wangu nilimpenda.

Wakati huo nilikuwa msichana wa chuo, na bado tulikaa Muthurwa, hapa Nairobi, kwenye nyumba za reli, kabla soko halijajengwa pale. Babu yako alikuwa anastaafu kazi ya reli. Unajua desturi yetu sisi watu wa magharibi ya Kenya: mzee akimaliza kazi anakabidhi nyumba ya watu, anafungasha, anarudi mashambani. Mama yetu alikuwa amekwisha kuzikwa huko. Basi Jumapili moja baba akatukusanya, watoto na majirani, akatupa hotuba ya kuaga. Baba yako, Wekesa, aliirekodi kwenye kaseti. Siku hizo alikuwa ndiyo kwanza amehamia mtaa wa Komarock, kijana ana nyumba yake, anatembea kifua mbele.

Baba alisema vizuri, mwanangu. Watu walicheka, wengine walifuta machozi. Alisema nyumbani kuna hewa safi na mahindi, na hata taa za stima zimefika. Kisha akageukia Nairobi akaitukana kweli kweli. Musyoka kinyozi anamchosha na hadithi za Kitui. Mama Akinyi wa nyumba ya pili anamwonjesha omena, wale dagaa wa ziwani, kila jioni kama kwamba yeye ndiye mpishi mkuu. Kwaya ya kanisa haijui kuimba besi mpaka yeye akohoe kwanza. "Basi mimi nimemaliza," akasema. "Naenda kupumzika. Ama mnasemaje?" Tukapiga makofi. Wekesa, mtoto mtiifu, akasimama na kuahidi kutafuta lori la mizigo mwisho wa mwezi.

Juma lile lile Madam Mutheu akatupa kazi: tuchague hotuba yoyote tuliyoisikia wenyewe, ya lugha yoyote, tuandike kwa Kiingereza jinsi msemaji alivyowashawishi wasikilizaji wake. Nikaona hapo nimefika. Ningechagua ipi kama si ya baba? Niliandika kwamba alitumia ucheshi, alitumia methali, alirudiarudia maneno, na kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Nikamalizia kwamba hotuba ilifaulu, maana kila mtu alipiga makofi. Niliikabidhi nikitabasamu.

Madam Mutheu alikuwa mama wa Machakos, mfupi, asiyepandisha sauti. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na yule mama hakutuchelea hata kidogo.

"Nimekuuliza huyu mtu alipikaje," akaniambia. "Wewe umeniambia umeshiba."

Akaniuliza kama mzee huyo nampenda. Nikamjibu kwamba nampenda sana, ni baba yangu.

"Naona. Unampenda mpaka humsikilizi."

Mwanangu, maneno hayo yaliniuma. Nilitaka kumwambia kwamba hajui kitu kuhusu nyumba yetu. Lakini alikuwa ameanza kunieleza, polepole, kwa sauti ile yake ya chini: nirudi kwenye kaseti, nijiulize baba alikuwa anazungumza na nani hasa, alitaka wafanye nini, na kwa nini alichagua maneno haya akayaacha yale. Akanikataza kusifu na kulaumu mpaka nimalize.

Jumamosi nilimsubiri baba aende mazoezi ya kwaya, nikaketi jikoni na redio ya kaseti. Nikasikiliza, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Mara ya kwanza nilicheka tu pale pale nilipocheka siku ile. Halafu nikaanza kuona. Alipoisifu nyumbani, baba hakutaja mtu. Hewa, mahindi na stima, basi. Alipoilaumu Nairobi, kila lawama ilikuwa na jina la mtu ndani yake. Hakuna mtu anayelalamika hivyo kuhusu mahali palipomchosha. Na pale mwisho, aliposema "Ama mnasemaje?", kaseti ilikuwa na kimya kirefu, hadi unasikia kijiko kikigonga kikombe. Baba alikuwa anangoja. Alituachia mlango wazi, nasi tukapiga makofi tukaufunga.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi siku hiyo niliongeza langu: na anayetaka kubaki hakwambii nizuie. Nililia pale jikoni, sioni haya kukwambia, kwa sababu lori lilikuwa limekwisha kupatikana.

Nikaibeba redio mpaka Komarock kwa baba yako. Unamjua alivyo. Alinifokea. Alisema mzee amesema mwenyewe kwa kinywa chake, je, nataka ambishie mzee? Sikubishana naye. Nilibonyeza tu. Akasikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa, akaomba kusikiliza tena. Kimya kile kilipofika, akavaa koti.

Sasa ona ugumu. Kwetu mtoto hamwambii baba yake, "Tunajua hutaki kwenda." Ungekuwa umemvua nguo mbele ya watoto wake. Ndipo nilipofahamu kazi ya lile somo la Madam. Njia nzima tulikuwa tunatafuta maneno: tunazungumza na nani, tunataka afanye nini, atakubali kusikia nini. Tulipofika Muthurwa, Wekesa akapiga goti moja. "Baba," akasema, "kule Komarock mimi ni mgeni. Sijui jirani, sijui kanisa. Ningeomba uje ukae nami kidogo unizoeshe, halafu ndiyo uende nyumbani."

Baba alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alituelewa wote, maana kwa ufundi wa maneno hatukuwa tumemfikia hata kiunoni.

"Kidogo tu," akasema. Kisha akaongeza taratibu, akiangalia dirishani, "Mmekawia kujibu."

Kidogo hicho, mwanangu, ndicho kilichokupa babu. Ulizaliwa ukamkuta kwenye kiti chake pale Komarock, Jumapili akipanda basi kwenda kuwakoholea waimbaji wake. Nyumbani alienda, akalazwa kando ya mama, lakini alienda kwa wakati wake. Alama za insha niliyoiandika upya? Zilikuwa za katikati tu. Kiingereza changu kilikuwa kinachechemea, na Madam hakuwa mtu wa kuhurumia vitenzi.

Basi nasaha yangu ni hii. Weka kando hasira uliyo nayo kwa yule mheshimiwa. Hutaipoteza, utaikuta pale pale. Kaa na hotuba yake kama nilivyokaa na kaseti. Tazama amemwita nani karibu na nani amemruka, wapi ameharakisha, wapi amesita, anataka watu wainuke wakafanye nini. Ukishayaona hayo ndiyo uandike, na hata ukimlaumu baadaye utakuwa unamlaumu msemaji mwenyewe, si yule uliyemtunga kichwani. Na ukitoka darasani usiyaache masikio hayo chuoni. Watu wa nyumba yako wana hotuba zao pia, na wengi wanaishia kwa swali.

Mungu akufungue masikio kabla ya kalamu, mwanangu, na akujalie usikawie kuwajibu wanaokupenda. Haya, ondoa mkoba kwenye kochi langu, uniletee hiyo insha tuisome.