Jina la Mkono

Niliondoka nyumbani Muganza, hapa Rwanda, kwa sababu ya mjukuu wangu Furaha, mtoto asiyesikia. Naandika ili ninyi majirani mnaouliza, "Mukecuru, bibi kizee yule, alimpeleka wapi mtoto?" mpate jibu. Msinicheke mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la pili, kule Bukavu nilikokulia.

Furaha alizaliwa njiani, msituni Kongo, vita vikitukimbiza. Mama yake, binti yangu Esperansa, tulimzika hukohuko, mtoto akiwa bado ananyonya. Siku ya kumpa jina hatukuwa na nyumba, wala watoto wa majirani wa kuja kula na kutaja majina, kama desturi yetu inavyotaka. Nilimnong'oneza sikioni mwenyewe: Furaha. Baadaye homa ikalifunga lile sikio, akakua bila kujua kwamba kuna jina analoitwa.

Wakati wa kuvuna mpunga alitufikia Imakulata, msichana anayesoma chuo kikuu kule Butare. Alisema chuo na shirika moja la msaada wameshikana mikono: chuo kinaleta walimu, shirika linaleta nyumba na chakula, ili watoto wasiosikia nao wasome.

"Basi hiyo ni ndoa," nikamwambia.

"Ni ndoa kabisa, Maman," akacheka. "Na batoto ni benu."

Nilicheka naye, lakini moyo ulikuwa mzito. Furaha angebaki huko mpaka likizo. Mtoto huyu, nikienda kuteka maji bila yeye, hulia mpaka atapike. Sasa asiye na neno hata moja, utamwambiaje kwamba utarudi?

Asubuhi ya safari tulipanda lori la Papa Hamisi, jirani yangu, aliyekuwa anapeleka simenti ya kujenga bweni la watoto haohao.

"Mukecuru, leo wewe na simenti muko muzigo moya," akasema.

"Afadhali mimi, sivunji mtu mgongo."

"Simenti iko na uzuri wake. Haisemi njia yote."

Migomba ya kando ya kiwanda cha simenti ilikuwa nyeupe kwa vumbi, kama imeota mvi usiku. Furaha alibandika kiganja mlangoni mwa lori, akafumba macho. Ndiyo kawaida yake: hugusa kila kinachotetemeka, mlango, mtungi, kifua changu nikiimba.

Tulipopanda vilima vya Mururu, ukungu ulifuta mashamba. Tukawa kama tunaendeshwa juu ya maziwa. Pale Kamembe ndege ilipita chini sana, Papa Hamisi akainamisha kichwa, lakini Furaha, kiganja kikiwa mlangoni, akatabasamu. Ziwa likafunguka, na ng'ambo Bukavu iling'aa kama sahani zilizoanikwa juani. Nikataja majina ya watu wetu waliobaki huko wafu, kama nifanyavyo kila nikiiona ng'ambo ile: Yusta, Bonifasi, Nyirabahizi, Kasimiri, Esperansa. Mto wa Rusizi niliuvuka kuja Rwanda bila sufuria wala mkeka. Nilivuka na majina.

Tukaingia msitu wa Nyungwe. Miti ilisimama kwenye wingu, na nilihisi kwamba nikishusha kioo nitasikia watu wetu wakiitana gizani, wote, bado wanatembea. Furaha alilala pajani pangu. Alizaliwa mahali pa miti kama hii, na hakuogopa hata jani.

Butare tulifika jua likielekea kulala. Imakulata alitupokea, tukalala kwake.

Kulipokucha tuliingia darasani. Mwalimu Kalisiti, ambaye naye hasikii, alitusalimu kwa mikono, na Imakulata akanigeuzia maneno.

"Maman, leo batoto batamupa jina."

Nikasimama. "Jina gani tena? Huyu alishabatizwa! Anaitwa Furaha, na haongezwi wala hapunguzwi!"

Imakulata akamfikishia. Mwalimu alicheka kimya, mabega yakiruka. "Anasema jina lako libaki, Maman. Lile ni la mudomo. Hawa banamutafutia la mukono, kila mutoto ataje lake."

Kila mtoto ataje lake! Nikakaa polepole. Hii si ndiyo siku yetu ya kumpa mtoto jina, iliyotupita msituni?

Saidi, mwenye meno ya mbele makubwa, alitangulia: akagusa sikio, akatikisa kichwa. Wenzake walimzomea kwa mikono.

"Banamuambia, 'Wote tuko hivyo, mujinga wewe! Utatuita wote jina moya?'" alieleza Imakulata.

Yozefina alichora mashavu ya mviringo, wakakataa. Ndipo Klementina, mdogo wao, aliyekuwa amemtazama Furaha akigusa dawati, akaweka kiganja kifuani, vidole vikitetemeka. Darasa zima likafanya hivyo. Viganja vyote kifuani, nyuso zote kwake.

Furaha aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akainua kiganja chake mwenyewe, taratibu, akakiweka kifuani. Alijua.

Halafu akanigeukia, akashika hewa kwa mikono miwili na kuipepeta. Ungo wangu wa mchele! Ndilo jina langu, na watoto wakalikubali bila mjadala.

Desturi inataka watoto wale. Nikafungua mzigo wa mchele niliokuja nao, tukapika, wakala wote.

Saa ya kuondoka Papa Hamisi aliwasha lori tupu. Furaha akanishika kitenge. Nikapiga magoti: nikapepeta ungo, nikaonyesha barabara kwenda, nikapepeta tena, nikaonyesha barabara kurudi mpaka kwake, nikaweka kiganja kifuani. Alinitazama muda mrefu. Akapepeta ungo, akaonyesha kurudi. Machozi yalimtoka, lakini hakukimbilia lori.

Tulirudi kwa njia ileile. Kamembe, Bukavu ilipotokea, nikataja tena: Yusta, Bonifasi, Nyirabahizi, Kasimiri. Kwa Esperansa mdomo ukasita. Likizo Furaha atakuja na mikono imejaa maneno. Ataniuliza mama yake ni nani. Jina la mdomo halitamfikia. Nikakumbuka Esperansa akicheka: kila mara aliuma pembe ya kitenge kuficha meno. Nikaishika yangu, nikaiuma.

"Mukecuru, njaa imefika pa kula kitenge?" akauliza Papa Hamisi.

"Hapana, Papa," nikamwambia. "Ninamwita binti yangu."