Bi Tatu na Sauti ya Fukayosi

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, nikiwa bado binti, nimepelekwa zahanati ya Zinga kujifunza kazi chini ya mkunga mmoja aliyeitwa Bi Tatu. Mzaramo wa pale pale, mtu wa maneno machache.

Siku hiyo msamaria mwema alimshusha mlangoni mwanamke kijana, uchungu umemshika. Alijibu maswali yetu kwa Kiswahili kilichonyooka, akasema yeye ni mtu wa Dar es Salaam, mume yuko safarini, ndugu hana. Tulimlaza. Lakini kadiri saa zilivyokwenda alizidi kulegea. Hakutaka kunywa wala kusukuma, kazi yake kutazama ukuta tu. Bi Tatu alianza kuingiwa na wasiwasi, nami nikamwona.

Uchungu ulipomzidi, yule binti alilia, "Mama, nisamehe, nitaludi!"

Mimi ningesema ametoka Usukumani, maana wengi huko hugeuza "ra" kuwa "la". Waluguru nao, Wakwere nao, utajuaje? Bi Tatu hakuishia kwenye herufi. Alisikiliza sauti ilivyopanda na mahali ilipovutwa. Akainama, akamsemesha polepole kwa Kikwere, kisha akamuuliza kwa Kiswahili, "Binti yangu, kwenu kijijini Fukayosi wanajua kama uko hapa?"

Yule binti alifumbua macho. Akauliza nani amemwambia.

"Wewe mwenyewe, ulipomwita mama."

Alilia sana, halafu akaeleza. Aliolewa bila ridhaa ya wazazi, akaapa hatakanyaga tena kwao. Bi Tatu hakumlaumu. Alimuuliza kama anataka mama yake aitwe, akasubiri mpaka alipoitikia kwa kichwa, ndipo akamtuma kijana wa pikipiki.

Mama alifika jua likiwa bado juu, kanga imejaa vumbi. Alisema neno moja tu, "Nimekuja," akamshika bintiye mkono. Kabla ya magharibi mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, na mama yake anaomba uji.

Nilimuuliza Bi Tatu amejuaje. Akasema amezalisha wanawake wa kila upande, na mtu akiumwa hana nafasi ya kuchagua lafudhi. Basi, akarudi kuosha vyombo vyake.

Nimeishi na watu wengi wenye masikio mepesi, mwanangu. Wengi huyatumia kucheka: huyu wa bara, yule wa shamba. Bi Tatu aliyatumia kumtafutia mtu mama yake. Nawe ukisikia mgeni anatamka kwa namna ya kwao, usimwige, usimchokoze. Muulize habari za nyumbani, kwa upole, na akitaka kunyamaza mwache anyamaze.

Mungu akulinde huko uendako. Na siku utakapolia ugenini, akujalie mtu atakayeijua sauti yako.