Honi ya Shelui

Niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Majina siyataji, ila waliotutia njaa ni watatu: mhubiri aliyekuja na turubai lake, mume wangu aliyekuwa katibu wa kanisa letu, na mimi niliyepika.

Mhubiri alisimika turubai karibu na pale malori yanapolala, hapa Shelui, mvua za kwanza zikinukia. Akasema tarumbeta ya mwisho italia kabla mtama haujatoa masuke. Anayepanda, akasema, hajaamini.

Mume wangu akarudi nyumbani uso unang'aa.

"Mama watoto, teremsha mbegu. Tule tuagane na dunia."

Mbegu yetu hukaa juu ya mafiga, masuke yamefungwa mafungu, moshi unayalinda na wadudu. Huku kwetu hata mwaka wa njaa mtu haligusi fungu lile. Mimi nikaliteremsha, nikatwanga, nikapika ugali. Mama mkwe akakataa kula. Alipoinuka kwenda kwake niliona khanga yake imetuna ubavuni, nikageuza macho kwenye sufuria.

Kesho yake yuko shambani, jembe mkononi. Mume wangu akamfuata.

"Mama, Bwana yuko njiani."

"Aje tu. Akija atanikuta napanda. Asipokuja nitakula. Wewe utakula turubai?"

Tukamwacha. Siku kumi na moja tulikaa chini ya turubai tunaimba, na mvua nzuri inanyesha juu yake bure.

Jumamosi, saa sita mchana, ikalia. Ndefu, nzito, mpaka benchi likatetemeka. Watu wakaanguka kifudifudi. Mume wangu akainua mikono, kiatu kimoja kimemtoka. Mimi nikamtafuta mhubiri kwa macho, nimwone akipaa. Nikaona soli zake. Alikuwa amejibanza chini ya meza, kajifunika Biblia kichwani.

Lilikuwa lori la vitunguu, linamwita fundi wa matairi.

Nilicheka mpaka nikalia, na katikati ya kulia nikaukumbuka ugali ule. Mtu aliyengoja kwa furaha hajifichi chini ya meza. Nikatoka mbio kwa mama mkwe.

"Shikamoo mama. Naomba mbegu."

"Marahaba. Yako si uliila? Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu, mama."

Akanitazama, kisha akafungua pindo la khanga. Suke moja. "Panda leo. Ardhi haikungoji wewe."

Nilipanda peke yangu mpaka jua likazama. Mume wangu alikuja Jumatatu, na kiatu kimoja. Mhubiri alishaondoka, kapanda lori lilelile.

Tulivuna debe moja na nusu. Mwaka ule tulikula mlenda mtupu, bila ugali, na mwanangu wa mwisho miguu ilikuwa kama mpini wa jembe. Hilo sijawasamehe, mimi mwenyewe nikiwemo. Naliombea, moyo bado haujakubali.

Lakini Bwana namngoja, tena sana kuliko zamani. Shamba langu liko karibu na barabara. Honi ikilia nainua kichwa, naangalia mawingu kidogo, maana huwezi kujua. Kisha narudi kwenye palizi. Na juu ya mafiga yangu yananing'inia mafungu mawili. Moja ni la mbegu. La pili ni la yeyote atakayekuja mbio kuniomba.