Mama Vikopo na Mistari Miwili

Jina la Mama Vikopo lilitokana na kazi yake. Kwa miaka ishirini na mbili alipokea vikopo vya choo maabara, akapaka kinyesi kidogo kwenye kioo, akatafuta mayai ya minyoo kwa hadubini. Kinyesi hakikumkinaisha. Aliyemkinaisha ni Daktari Mkuu, aliyepita dirishani kwake na kitambaa puani utadhani anapita jalalani.

Daktari huyo alikuwa akitengeneza kipimo cha kichocho cha tumbo kwa tone la damu.

"Karibu tutaachana na uchafu wenu," alimwambia.

"Haya, Daktari."

Moyoni alimwona bwege aliyevikwa koti jeupe. Yai la mnyoo alilijua kwenye picha tu, sasa anajitia bingwa wa minyoo.

Siku ya kujaribu kipimo, wafanyakazi wote walitobolewa kidole. Kipimo cha Mama Vikopo kikatoa mistari miwili: mgonjwa.

"Unatembea na kichocho na wala hujui," Daktari akasema mbele za watu, huku akicheka.

"Niliugua nikiwa darasa la tano. Nikatibiwa, nikapona."

"Kipimo hakidanganyi, mama."

Mama Vikopo akarudi kwenye hadubini yake. Siku tatu mfululizo alileta kikopo chake mwenyewe, akakagua vioo mpaka macho yakamwuma. Hata yai moja hakuona. Akawaomba wenzake sita waliowahi kutibiwa zamani nao walete. Wote walikuwa wametoa mistari miwili, na vikopo vyao vyote vikawa safi. Kumbe kipimo kilinasa kinga ambayo mwili uliijenga zamani, na kinga hiyo hubaki kwenye damu hata mnyoo akishakufa.

Daktari aliishika karatasi ya majibu kwa ncha za vidole.

"Hao saba tuwatoe. Watachafua ripoti."

"Kumbe na wewe una uchafu wako," Mama Vikopo akasema taratibu. Akaichukua karatasi, akaipeleka mwenyewe kwa kamati ya utafiti.

Kamati ikakisimamisha kipimo, ikaagiza kitengenezwe kingine, cha kunasa kile ambacho mnyoo aliye hai hukitema kwenye damu. Kilichukua miaka mitatu. Kilipokubaliwa, Daktari alipandishwa cheo, akauambia ukumbi mzima kwamba kile cha kwanza alikitilia shaka tangu mwanzo.

Safu ya nyuma, mdogo wake Mama Vikopo akamnong'oneza, "Dada, si useme?"

"Niseme nini? Mtu kajivua nguo mwenyewe."

Makofi yalipopigwa, mikono yake ilibaki mapajani.